Nani Aliufungia Upepo Nje ya Kivukoni?

Februari mwaka jana nilialikwa kwenye kikao cha ofisi moja ya umma iliyo karibu na Kivukoni. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu yaliyotokea humo yangeweza kutokea katika jengo lolote la jirani. Ajenda ilikuwa ukarabati wa jengo. Mtaalamu kutoka kampuni ya vifaa vya ujenzi alikuja na projekta yake, akatuonyesha teknolojia aliyoiita mpya kutoka Ulaya: ukuta wa nje wa matabaka mawili, katikati yake mwanya wa hewa, ambao kwa maelezo yake ungepunguza sana gharama za viyoyozi. Alikuwa amefika picha ya tatu umeme ulipokatika. Jenereta likaunguruma, kisha likanyamaza. Tulikuwa ghorofa ya tisa, nyuma ya vioo visivyofunguka, na jua la saa tisa alasiri lilikuwa likitutazama usoni. Haukupita muda mwenyekiti, mtu mzima mwenye heshima zake, akavua koti. Nusu saa baadaye akaahirisha kikao. Tulishuka kwa ngazi hadi barabarani, na ng'ambo ya pili tukamkuta mlinzi wa jengo moja la zamani la Wajerumani ameketi kwenye veranda, shati limefungwa vifungo vyote, anakunywa kahawa ya moto.

Tangu siku ile swali moja halijaniacha, nalo si la kihandisi. Je, tulikuwa tunauziwa kitu kipya, au tulikuwa tunauziwa tena kitu tulichokuwa nacho tukakibomoa kwa mikono yetu?

Kwanza tukielewe kitu chenyewe. Mhandisi angeueleza ukuta huo kwa michoro; mimi mwanahistoria nitaueleza kwa kanzu. Kanzu haiubani mwili. Jua hupiga kitambaa, kitambaa hupata joto, lakini kati ya kitambaa na ngozi hewa inapita na kuliondoa joto hilo kabla halijafika mwilini. Ukuta wenye mwanya wa hewa unafanya kazi kwa kanuni hiyo. Ukuta halisi wa jengo hufunikwa kwanza kwa tabaka la kuhami joto, kwa mfano sufi inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa. Mbele ya tabaka hilo huachwa nafasi ya sentimita chache, halafu hufungwa vazi la nje, liwe la vigae, mawe, mbao au bati, juu ya fremu ya chuma au aluminiamu. Chini na juu nafasi hiyo huachwa wazi. Vazi likipata moto, hewa iliyo nyuma yake hupata joto, huwa nyepesi, hupanda na kutokea juu, na hewa baridi zaidi huingia kutoka chini. Hakuna feni wala mota. Jua lenyewe ndilo linaloisukuma hewa hiyo.

Wazungu hawakuubuni ukuta wa namna hii kwa ajili ya joto. Wakulima wa Norway walipigilia mbao za nje za maghala yao zikiwa na mwanya nyuma ili mvua inayopenya ipate njia ya kukauka, na watafiti wa Norway na Kanada waliigeuza hekima hiyo ya maghala kuwa kanuni za kitaalamu katikati ya karne iliyopita. Kuhami joto, kwao, ni kulizuia lisitoke ndani. Kwetu tunataka lisiingie. Tofauti hii ni ndogo kwenye karatasi ila ni kubwa kwenye ukuta, na nitairudia.

Sasa turudi Dar es Salaam. Nimekulia Kariakoo, katika nyumba ya bibi yangu, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ambayo leo haipo. Wenye umri wangu wanaijua ramani yake hata wakifumba macho: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Kuta zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo. Kati ya kichwa cha ukuta na paa palikuwa na uwazi ambao sisi watoto tulipenyezea karatasi na vijiti. Milango miwili, wa mbele na wa uani, ikiwa wazi, upepo ulipita ukumbini kama mgeni aliyezoea nyumba. Mtoto aliyeufunga mlango wa uani mchana alisikia sauti ya bibi kutoka barazani: "Nani kanifungia upepo?" Bibi hakuwahi kusikia habari za kuhami joto. Alijua tu kwamba nyumba ina njia ya kupumua na kwamba njia hiyo haizibwi.

Nyumba ile ilikuwa mjukuu wa mapokeo marefu ya mwambao. Paa la makuti, likiwa nene na likishuka chini mbele ya ukuta, lilifanya kazi mbili ambazo leo tunazinunua kila moja kwa bei yake: lilihami joto la jua na lilipitisha hewa. Bati lilipochukua nafasi ya makuti tulipata paa lisiloshika moto upesi wala kuvuja, lakini tulipoteza kazi zote mbili, na sijui ni wangapi kati yetu tuliihesabu hasara hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja njia ilikuwa nyingine: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko, vichochoro ambamo nyumba moja humpa jirani yake kivuli.

Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walikuta mji mdogo wenye majengo ya mawe ya Sultan Majid ya miaka ya 1860, likiwemo Boma la Kale ambalo lingalipo. Wao wakajenga kando ya bandari, mahali tunapopaita leo Kivukoni, safu ya ofisi za ghorofa moja na mbili. Zitazame siku moja ukiwa hauna haraka. Ukuta wenye vyumba haulioni jua. Mbele yake imesimama safu ya nguzo na veranda pana, na kati ya nguzo na ukuta hewa ya bahari inapita mchana kutwa. Dari ziko juu. Madirisha yana milango ya mbao yenye vipande vilivyoinamishwa, vinavyozuia mwanga na kupitisha upepo. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa mwaka 1897, ilifuata mtindo huohuo, na Ikulu, ambayo Waingereza waliijenga upya mwaka 1922 juu ya mabaki ya kasri la gavana walilolipiga mizinga mwaka 1914, nayo imezungukwa na matao na veranda. Ukiondoa vigae na aluminiamu, hicho ndicho alichokuwa anatuuzia yule mtaalamu: ngozi mbili, na hewa kati yake. Tofauti ni kwamba mwanya wa Mjerumani ulikuwa na upana wa mita mbili tatu, mtu akaweza kuweka kiti humo.

Lakini historia ya upepo wa Dar es Salaam si historia ya usanifu peke yake. Ni historia ya nani alistahili kuupata. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 zilianza kuamua ni sehemu gani ya mji ijengwe nyumba za aina gani. Waingereza waliikamilisha kazi hiyo katika miaka ya 1920 kwa kanda tatu ambazo wenyeji waliziita kwa majina yasiyohitaji tafsiri: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni kulitengwa viwanja vikubwa upande wa bahari, nyumba zikiwa mbalimbali, kwa hoja ya afya. Madaktari wa enzi hiyo, hata baada ya Robert Koch kufika hapa kuchunguza malaria mwaka 1897 na 1898, waliendelea kuamini kwamba usalama wa Mzungu ulitaka hewa na umbali. Kariakoo, iliyopewa jina la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilipewa viwanja vidogo vilivyobanana. Kati ya Kariakoo na Uhindini ukaachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja. Leo tunaupenda uwanja ule kwa mikutano na mapumziko. Ulipoachwa, kazi yake ilikuwa kutenganisha watu na watu. Hivyo upepo uligawiwa kwa rangi, kama zilivyogawiwa barabara na maji ya bomba.

Kwa hiyo tulipopata uhuru, kulikuwa na jambo la kuurudisha upepo kwa wote, na kwa muda tulilifanya. Kizazi cha wasanifu wa miaka ya 1950 hadi 1970 hakijapewa haki yake katika vitabu vyetu vya shule. Anthony Almeida, aliyezaliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1921 na kusomea Bombay, alitumia miongo mingi kujenga shule, nyumba na ofisi zenye vikinga jua vya zege na kuta za matofali ya matundu. Tofali la tundu ni kitu cha hali ya chini: mchanga, saruji na kalibu ya mbao, na saruji ilianza kutoka Wazo mwaka 1966. Lakini ukuta wa matofali hayo ukiusimamisha hatua moja mbele ya dirisha, umepata vazi la nje lenye mwanya wa hewa, lililotengenezwa na fundi wa mtaani. Mlimani, chuo kilipohamia mwaka 1964, majengo yalipangwa marefu na membamba, pande zake ndefu zikiyakwepa mawio na machweo. Ninafundisha katika vyumba vya namna hiyo. Feni ikiharibika, somo linaendelea.

Na kuna Soko la Kariakoo. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika nchi hii, aliyesomea Haifa, alipewa kazi ya kujenga soko kwa ajili ya watu waliokuwa wamenyimwa nafasi na mkoloni. Hakuwapa boksi. Aliwapa msitu: nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa, mapaa yanayotoa kivuli, yanayoacha hewa ipite, na yanayokusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi chini ya ardhi. Lilikamilika mwaka 1975. Soko lile liliungua Julai 2021, na wakati magazeti yakihesabu mali iliyoteketea, mimi nilikuwa nikifikiria kwamba yule msanifu, aliyefariki mwaka 2016, aliondoka bila wengi wetu kujua kwamba alikuwa ametujibu swali ambalo leo tunawalipa wageni watujibie.

Nini kilitokea baadaye? Jibu la haraka ni kioo. Kuanzia miaka ya 1990, uchumi ulipofunguliwa, jengo la kioo likawa cheti cha maendeleo. Majengo ya Uhindini yaliyokuwa na roshani, mengi yakiwa yametaifishwa mwaka 1971 na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, yalianza kuporomoshwa moja baada ya jingine kupisha minara. Katikati ya jiji ikapanda minara ya mifuko ya hifadhi ya jamii, ya mabenki, ya mamlaka za umma. Ukisimama Kigamboni jioni unaiona iking'aa, nami sitajifanya kwamba haipendezi.

Tatizo la kioo chetu ni hesabu. Dar es Salaam iko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu ya katikati ya Oktoba. Maana yake ni kwamba kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga kwa upenu mfupi tu, ilhali zile za mashariki na magharibi hupigwa na jua la mlalo lisilozuiwa na upenu wowote. Mita moja ya mraba ya ukuta wa magharibi, alasiri isiyo na mawingu, inaweza kupokea zaidi ya wati 500, nusu ya nguvu ya pasi ya umeme. Chukua jengo lenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 60 kwenda juu. Upande mmoja huo ni mita za mraba 1,800, sawa na pasi 900 zilizowashwa kwa pamoja. Kioo kizuri chenye rangi na tabaka maalumu hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo, lakini kinachobaki huingia ndani, na ndani hakuna dirisha la kufungua. Hapo kiyoyozi hakimpozi mtu. Kinashindana na ukuta.

Nani anailipa gharama ya mashindano hayo? Hapa ndipo ninapowaomba ndugu zangu watumishi wa umma wanisikilize kwa makini. Anayechagua vazi la jengo ni mwenye jengo na washauri wake, na kamati ya zabuni inatazama bei ya kulijenga. Anayelipia umeme kwa miaka 40 ijayo ni mtu mwingine: mpangaji, idara, mlipa kodi. Kioo kinachopunguza gharama ya ujenzi leo kinaihamishia bajeti ya matumizi ya kawaida, ambako hakuna anayeulizwa. Na mashine zile zinapofanya kazi, hulitupa joto la ofisi barabarani, juu ya mama anayekaanga mihogo na kijana anayesukuma mkokoteni. Nilisema upepo uligawiwa kwa rangi. Leo ubaridi unagawiwa kwa ghorofa.

Tumeishi mgao wa umeme katika miaka ya 1990, tukauishi mwaka 2006 na mtikisiko wa kisiasa uliofuata hadi Waziri Mkuu akajiuzulu mwaka 2008, tukauishi mwaka 2011 na tena 2022 na 2023. Sasa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha, na nimeshaambiwa na mwanafunzi mmoja mwerevu kwamba hoja yangu imepitwa na wakati: umeme upo. Nilimwuliza kama kwao Rufiji, ambako maji yale yanapita, kila nyumba ina umeme. Alicheka. Hatukuendelea.

Kwa hiyo, je, nampinga yule mtaalamu wa projekta? Hapana, na hili huwashangaza wanaonijua. Jengo likishasimama, huwezi kuligeuza lielekee upepo wa kusi. Ukuta wake wa magharibi unahitaji kuvishwa, na vazi lenye mwanya wa hewa ni miongoni mwa tiba za kweli. Lakini kabla hatujatia saini, nataka tulitaje jina moja: Grenfell.

Grenfell lilikuwa jengo la makazi la ghorofa 24 magharibi mwa London. Wakazi wake wengi walikuwa watu wa kipato kidogo, na si wachache walikuwa wahamiaji, baadhi yao kutoka Morocco, Sudan na Eritrea. Mwaka 2016 ulikamilika ukarabati uliolivika tabaka la kuhami joto na vazi la nje lenye mwanya nyuma yake, ili lisipoteze joto na lipendeze machoni mwa majirani. Vibao vya vazi hilo vilikuwa vya aluminiamu pande mbili, katikati plastiki inayowaka. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulioanzia kwenye friji ya jikoni ghorofa ya nne ulitokea nje, ukapanda. Watu 72 walikufa. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya mwisho ya Septemba 2024, ilieleza miaka mingi ya uzembe wa serikali na udanganyifu wa watengenezaji wa vifaa. Mwanya uleule unaopandisha hewa hupandisha na moto, usipokatwa kwa vizuizi kila ghorofa na usipozungukwa na vitu visivyowaka.

Pita Kariakoo leo, utazame minara iliyoota kwenye viwanja vya nyumba za vyumba sita, na uone ilivyovishwa. Vibao vya aluminiamu vinavyong'aa viko kila mtaa. Fundi huviita vyote kwa jina moja la chapa, vitoke kiwanda chochote, na kwa macho huwezi kutofautisha chenye plastiki katikati na kisicho nayo. Ukimwuliza muuzaji, atakutajia rangi zilizopo. Mitaa ile ina maduka yenye mizigo hadi darini, na gari la zimamoto likija saa tano asubuhi litapita wapi?

Kuna na mambo madogo ambayo katalogi hayataji. Kivukoni hewa ina chumvi. Vishikizo vya chuma cha kawaida vitaliwa na kutu nyuma ya vazi, mahali ambapo jicho halifiki. Na kunguru wetu, ambao hujenga viota kwa nyaya, hawataiacha nafasi hiyo bila kuipangisha.

Nimezungumzia Dar es Salaam, lakini wizara ziko Dodoma sasa. Huko mambo ni tofauti kabisa: hewa kavu, mchana mkali, usiku wa kujifunika shuka. Tabaka la kuhami joto na ukuta mzito vina maana kubwa zaidi Dodoma kuliko pwani, ambako usiku nao ni wa joto na dawa ya kwanza ni kivuli, ya pili ni upepo. Ukiona michoro ya jengo la pwani na la Mtumba ina vazi moja, jua kwamba hakuna aliyetoka nje kutazama anga.

Baada ya kikao kile niliandika barua ya kurasa mbili. Nilipendekeza ukuta wa magharibi uvishwe kwanza na mingine isubiri. Vibao viwe vya udongo wa kuchoma au zege jembamba, visivyowaka. Vizuizi vya moto vikaguliwe kabla vazi halijafungwa. Na madirisha ya upande wa bandari yafanywe yafunguke. Niliambatisha picha ya jengo la ng'ambo ya barabara. Nilijibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.

Kikao cha uamuzi kimepangwa mwezi ujao, ghorofa ileile ya tisa, saa tisa alasiri. Nimeomba kwa maandishi kihamishiwe kwenye veranda ya mlinzi.